Kubadili Madirisha ya Nyumba Pwani: Unachopata na Unachopoteza

Mwenye nyumba anayetaka kubadili madirisha Dar es Salaam, Tanga au Mtwara husikia maneno yanayopingana kabla hata hajatoa advansi. Fundi wa aluminiamu anamwambia nyumba itapoa. Jirani aliyekwisha kubadili analalamika kwamba tangu aweke slaidi hawezi kulala bila feni. Mmoja anasema aluminiamu haina matengenezo, mwingine anaonyesha dirisha la miaka michache tu ambalo halisogei mpaka mtu aliegemeze bega. Bei iliyotajwa ilikuwa ya mita ya mraba, lakini kazi inapoanza ndipo inabainika kwamba ripu, rangi na grili havikuwamo.

Wote hao wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia jambo lake. Dirisha linatakiwa lipitishe hewa na mwanga, lizuie mvua, mbu na mwizi, na hakuna aina moja inayoyafanya yote hayo vizuri. Swali ambalo karakana nyingi hazimuulizi mteja ni kama nyumba yake inategemea upepo au kiyoyozi. Jibu la swali hilo huamua karibu mengine yote.

Slaidi ilivyotawala

Slaidi haikushinda kwa urembo peke yake. Dirisha la mbao linalofunguka nje lilikuwa na taabu zake: grili ilikaa katikati ya fremu, wavu ukawa upande wa ndani, na kila jioni mtu alifungua wavu, akapitisha mkono kati ya nondo, akavuta shata. Mbu waliingia wakati huohuo. Slaidi husogea ndani ya reli yake. Haigongi grili, haigusi pazia, na wavu unakaa kwenye reli ya pembeni bila kuguswa. Kwa mtu anayeishi nyuma ya nondo, na mijini karibu wote tunaishi nyuma ya nondo, hiyo ni faida kubwa.

Luva, yaani dirisha la vipande vya kioo vinavyoinamishwa, nayo ilikuwa na udhaifu uliozidi kuonekana kadiri miji ilivyokua. Vioo vyake vimeshikwa na vibanio vya bati laini, mwizi anavikunja na kuchomoa kioo kimoja kimoja bila kelele. Haizibi kabisa, hivyo vumbi na kelele za barabara hupenya hata ikiwa imefungwa. Kiyoyozi kilipoanza kuingia katika nyumba za kawaida, luva ikawa haifai kabisa: ubaridi uliolipiwa kwa luku unatokea kwenye mianya.

Soko lilisukuma upande huohuo. Mninga na mvule vilipanda bei, mbao zilizokaushwa sawasawa zikawa adimu, na wakati huo profaili za aluminiamu zikajaa madukani. Fundi mwenye mashine ya kukata na ya kutoboa anaweza kufungua karakana, na kufikia mwisho wa wiki ameshatoa madirisha ya nyumba nzima. Seremala hawezi kushindana na kasi hiyo.

Hoja ya upepo

Hesabu yake ni fupi. Dirisha la futi tano kwa tano lina eneo la takriban mita za mraba 2.3. Likiwa la bawaba, mashata yakifunguliwa yote, karibu tundu zima linapitisha hewa. Luva ikilazwa sawasawa inakaribia hapo. Slaidi ya vipande viwili hufunguka nusu tu, kwa sababu kipande kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine. Mita 1.15 zilizobaki ni kioo kilichosimama mbele ya upepo.

Chumba hupoa kwa upepo unaoingia upande mmoja na kutokea mwingine, na tundu dogo kati ya hayo mawili ndilo linalobana mkondo. Ukiweka slaidi pande zote mbili, umepunguza mlango wa kuingilia na wa kutokea kwa pamoja. Hapo ndipo yanapotoka malalamiko ya jirani. Hakudanganywa kuhusu ubora wa dirisha. Hakuelezwa kwamba amenunua nusu ya upepo aliokuwa nao.

Pwani jambo hili lina uzito wake. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, takriban Aprili hadi Septemba, na miezi hiyo hata dirisha dogo hutosha. Kaskazi hushika takriban Desemba hadi Machi, na miezi hiyo ndiyo yenye joto na unyevu mkubwa. Jasho halikauki mwilini pasipo hewa inayotembea. Usiku wa Februari katika chumba chenye slaidi mbili ndogo ndio mtihani wa kweli wa dirisha. Karakana hazimwonyeshi mteja usiku huo.

Watetezi wa slaidi wana jibu: iko slaidi ya reli tatu yenye vipande vitatu, inayofunguka theluthi mbili. Ni kweli, na ni bora kuliko ya vipande viwili, ila wavu wake hauna reli ya kukaa, hivyo unahitaji fremu yake peke yake. Jibu lingine ni dirisha la aluminiamu la bawaba. Hilo hufunguka lote na likifungwa hubana kwenye mpira wake kuliko slaidi, kwa hiyo linafaa upepo na kiyoyozi. Taabu yake ni grili na wavu, ambavyo lazima vihamie ndani, na pia linahitaji mkono imara wa kulishikilia lisigongwe na kusi. Bei yake huwa juu kwa sababu vifaa vyake ni vingi. Hata hivyo, kwa chumba cha kulala kisicho na kiyoyozi, sioni sababu ya kulipita.

Dirisha linapopigwa na jua

Ahadi kwamba dirisha jipya litapooza nyumba ndiyo inayohitaji kupimwa kwa ukali zaidi. Alasiri yenye jua kali, ukuta unaotazama magharibi unaweza kupokea wati 600 hivi kwa kila mita ya mraba. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha takriban asilimia 80 ya nishati hiyo. Dirisha lenye mita mbili za mraba za kioo, basi, huingiza zaidi ya wati 900: ni kama kuacha pasi ya umeme imewashwa chumbani tangu saa tisa hadi jua litue. Kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 huondoa joto la wati 2,600 hivi, kwa hiyo dirisha moja tu limeshakula zaidi ya theluthi ya nguvu yake.

Zamani shata la mbao lilifungwa alasiri, jua likabaki nje. Ukilitoa na kuweka kioo, umefungua njia ambayo haikuwepo. Ndiyo maana baadhi ya nyumba huwa na joto zaidi baada ya kubadili madirisha, ingawa madirisha yenyewe ni mazuri.

Wauzaji wachache sasa wanapendekeza vioo viwili vyenye nafasi ya hewa katikati, kama vya Ulaya. Tupime. Nje nyuzi 32, ndani kiyoyozi kimeweka 24: tofauti ni nyuzi nane. Kwa tofauti hiyo, kioo kimoja cha mita mbili za mraba hupitisha wati 90 hivi, na kioo cha tabaka mbili hupitisha nusu yake. Umeokoa wati 45. Katika majira ya baridi ya Ujerumani, ambako tofauti ya ndani na nje hupita nyuzi 20, kioo hicho kinajilipa. Dar es Salaam adui ni jua linalopiga moja kwa moja, na hilo tabaka la pili halilizuii sana. Isipokuwa unakimbia kelele za barabara kuu, fedha hiyo ingefanya kazi kubwa zaidi kama kivuli.

Kivuli nacho kina pande zake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, na jua la mchana hupita juu sana. Madirisha ya kaskazini na kusini hulindwa na ukingo wa paa uliotokeza vya kutosha. Ya mashariki na magharibi hayalindwi, kwa kuwa jua la asubuhi na la alasiri huja chini, likapita chini ya paa. Huko ndiko kunakohitaji kibanda cha zege juu ya dirisha, chiki, baraza au mti. Kioo cha rangi husaidia kiasi, lakini sehemu ya joto kinalonyonya hurudi chumbani na mwanga hupungua. Kioo kinachoakisi hufanya vizuri zaidi. Vyote viwili havifikii kivuli kilichoko nje, kwa sababu jua likishagusa kioo kazi imeshakuwa ngumu.

Mbu na mahali wanapopita

Wapo wanaobadili madirisha kwa ajili ya mbu, na hoja yao ina msingi. Utafiti mkubwa uliofanyika Gambia na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizozibwa kwa nyavu zilipata mbu wachache zaidi, na upungufu wa damu kwa watoto ulipungua kwa zaidi ya theluthi. Lakini nyavu hizo hazikuwa za madirishani peke yake. Ziliwekwa milangoni pia, na mianya kati ya ukuta na paa ikazibwa, maana mbu aenezaye malaria hupenda kuingilia huko juu.

Kwa nyumba yenye dari iliyozibwa vizuri, wavu wa dirisha unamaliza sehemu kubwa ya kazi. Kwa nyumba isiyo na dari, slaidi za bei ghali hazitawazuia mbu. Na wavu hauhitaji dirisha jipya: seremala anaweza kutengeneza fremu ya wavu kwa dirisha la zamani kwa sehemu ndogo ya gharama. Angalizo moja ni kwamba wavu uliojaa vumbi hubana upepo vibaya, kwa hiyo chagua unaochomoka na kuoshwa.

Fremu ya nini?

Aluminiamu haishiki kutu kama chuma, lakini chumvi ya bahari huitoboa vitundu vitundu pale rangi ilipochubuka. Tatizo kubwa liko kwenye vitu vidogo. Skrubu za chuma cha kawaida zikigusana na aluminiamu penye unyevu wa chumvi huharibika haraka na kuiharibu fremu. Masaki, Kigamboni au Mikindani, dai skrubu za chuma kisichoshika kutu na ufute fremu kwa maji baridi mara kwa mara.

Uzito nao unasahaulika. Kioo cha milimita 5 kina kilo 12.5 kwa kila mita ya mraba, hivyo kila kipande cha slaidi yetu ya futi tano hubeba takriban kilo 14 za kioo juu ya vigurudumu viwili. Vikiwa vya plastiki hafifu, na reli ikiwa imejaa mchanga, vinalika. Hilo ndilo dirisha linalosukumwa kwa bega. Tofauti ya bei kati ya vigurudumu hafifu na imara ni ndogo kuliko gharama ya kumwita fundi tena.

Mbao ngumu iliyokauka, iwe mninga au mtiki wa Longuza na Kilombero, hudumu miongo mingi ikipakwa vanishi na kulindwa na mvua. Mbao ya paina isiyotiwa dawa ni chakula cha mchwa. Tatizo la mbao siku hizi ni mbao mbichi kuuzwa kama kavu. Fremu ikishakauka ukutani hupinda, na lawama humwendea seremala. Faida yake ambayo haina mshindani ni kwamba inatengenezeka: bawaba, komeo, hata kipande cha fremu hubadilishwa na fundi wa mtaani.

Plastiki ngumu, ile inayoitwa yu-pi-vi-si, haijali chumvi wala mchwa na huziba vizuri. Iliyo hafifu huchakaa kwa jua, na profaili zake huhitaji chuma ndani ili zisilegee. Mafundi wanaoijua bado ni wachache, nalo si jambo dogo kitasa kikivunjika.

Yatakayotokea ukutani

Hapa ndipo wenye nyumba wengi hushtuka. Fremu ya zamani imeshikwa ukutani kwa vipande vya chuma vilivyofukiwa ndani ya tofali. Kuing'oa huvunja ripu pande zote, na pengine kingo za tofali. Baada ya hapo kuna kuziba, kupiga ripu upya, kusubiri ikauke, kupaka rangi ndani na nje. Kazi ya aluminiamu yenyewe inaweza kuwa ya siku moja au mbili. Vumbi na uashi ndivyo vinavyokaa. Kwa nyumba yenye rangi ya zamani inayobanduka, watoto wasiwepo wakati wa kukwangua, kwani rangi za miaka hiyo zinaweza kuwa na risasi.

Baadhi ya mafundi hukwepa haya yote kwa kuacha fremu ya mbao na kuingiza aluminiamu ndani yake. Ni rahisi na safi. Lakini fremu ya unene wa inchi mbili kila upande hula sentimita kumi za upana na kumi za kimo, na dirisha la futi tano hupoteza zaidi ya asilimia 12 ya tundu lake, kabla slaidi haijachukua nusu. Kama mbao ina mchwa, umewafungia ndani ya ukuta.

Mpangilio wa kazi una sababu zake. Vipimo vichukuliwe kwa kila tundu peke yake, upana sehemu tatu na kimo sehemu tatu, kisha kidogo kabisa ndicho kifuatwe, kwa maana kuta zetu ni nadra kunyooka. Ripu imalizike kwanza, dirisha liingie baadaye: saruji mbichi hula aluminiamu na kuacha madoa yasiyofutika. Kizingiti cha chini kilale kuelekea nje. Vitundu vya kutolea maji kwenye reli visizibwe na silikoni, kosa la kawaida ambalo halijulikani mpaka masika yaingie na maji yaanze kumwagikia sebuleni. Kabla ya malipo ya mwisho, mwagia kila dirisha maji kwa mpira kutoka nje kwa dakika kadhaa.

Kioo cha milango na cha madirisha yanayoanzia chini kiwe kile kilichookwa, kinachopasuka vipande vidogo butu. Kikishaokwa hakikatwi tena. Kosa la kipimo maana yake ni kuagiza upya, na mkataba useme nani analipa. Useme pia unene wa profaili na wa kioo, aina ya vigurudumu, wavu, kung'oa, ripu, rangi na grili, kila kimoja kwa jina. Anayetaka kupanua tundu ajue kwamba anagusa linta, boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha: hapo anahitajika mhandisi na kibali cha halmashauri.

Mambo mawili ya usalama hayana mjadala. Grili iliyochomelewa moja kwa moja humzuia mwizi na humzuia mwenye nyumba wakati wa moto. Kila chumba cha kulala kiwe na grili moja inayofunguka kwa ndani, ufunguo ukiwa mahali panapojulikana. Na dirisha linaloziba vizuri halistahimili uzembe wa zamani: jiko la mkaa lililoachwa chumbani, ambalo mianya ya luva ilikuwa ikilisamehe, linaweza kuua watu wakiwa usingizini.

Kwingineko si pwani

Njombe, Makete au Lushoto hesabu hugeuka. Juni na Julai huko ni baridi, upepo wa usiku hautakiwi, na dirisha linaloziba linalipa. Slaidi ya aluminiamu, ambayo huvujisha hewa kwenye reli, si chaguo la kwanza. La bawaba, la mbao au la plastiki, hushinda.

Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na Lamu, mwaka 2001, kuna kanuni za hifadhi. Mwenye nyumba haamui peke yake. Ruhusa ya mamlaka husika hutangulia fundi. Wapo wanaoona huo ni usumbufu, na gharama ya seremala mzuri huwaelemea kweli. Lakini dirisha la mbao lenye vipande vya kuinamisha hupitisha hewa huku limezuia jua na macho ya wapita njia, jambo ambalo slaidi haiwezi kwa bei yoyote.

Mizani

Chumba chenye kiyoyozi kinachotumika kila siku, kando ya barabara yenye vumbi, kiwekewe aluminiamu inayoziba, ya bawaba kwanza, slaidi kama grili haina pa kuhamia. Chumba kinachotegemea upepo kisiwekewe slaidi ya vipande viwili hata ikiwa ya bei rahisi. Bawaba au reli tatu, la sivyo luva ya zamani ibaki, itiwe vibanio vipya na wavu. Dirisha la mninga ambalo tatizo lake ni bawaba na komeo lising'olewe.

Si lazima nyumba nzima ifanane. Ukaidi wa kutaka madirisha yote yawe ya aina moja ndio unaowapotezea watu fedha na upepo kwa wakati mmoja. Na mwenye bajeti ya kazi moja tu mwaka huu aanze na nyavu, dari, na kivuli cha madirisha ya magharibi. Madirisha yenyewe yanaweza kusubiri.